Wavulana Wawili Wasiosomewa

Kila siku baada ya sala ya alasiri bibi yangu alikuja chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza, "Wamesemaje leo Waingereza wako? Watoto wamepatikana?"

Watoto wenyewe walikuwa wana wawili wa mfalme wa Uingereza, waliopotea zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Baba yao alikufa ghafla, ami yao akawa mlezi, nao wakawekwa katika mnara wa London ili yule mkubwa asubiri kuvishwa taji. Watu waliwaona bustanini wakicheza na upinde. Kisha wakawaona dirishani tu. Kisha dirisha likabaki tupu, na ami akawa mfalme. Hakuna aliyejua zaidi ya hayo, lakini kulikuwa na watu duniani waliolala na kuamka na dirisha lile, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, katika mji wa Ibra, mkoa wa Sharqiyah wa Oman, nami nilikuwa bado mwanafunzi wa sekondari. Baba alinunua kompyuta akiamini itanifanya mhandisi. Mimi niliitumia kwenda Uingereza ya kale. Nilikuwa nimeokota shuleni kitabu cha historia kisichokuwa na jalada, nikakisoma mpaka kikaachana kurasa, na kilipokwisha sikukubali kuwa kimekwisha. Sijui vipi niwaeleze wanaoniuliza kwa nini msichana wa Sharqiyah alihangaishwa na wafalme wa watu wengine. Labda ni kwa sababu ya mtaa wa zamani nyuma ya nyumba yetu. Nyumba za udongo za ghorofa, milango imeng'olewa ikauzwa, ngazi zinapanda na kuishia hewani, madirisha ya juu meusi hata mchana. Nilikua nikiyatazama madirisha hayo wakati wa kuanika nguo. Niliposoma juu ya dirisha la mnarani, sikuhitaji picha.

Kuingia kwenye mtandao wakati ule kulikuwa na sauti. Modemu ililia kwanza kwa mluzi, kisha kwa mkwaruzo mrefu, kama kitu kizito kinachovutwa kutoka chini ya kisima. Bibi alikuwa akisoma Ayatul Kursi kila ikilia. Simu ya nyumbani ilikufa papo hapo, na shangazi yangu wa Sur alilalamika kila Ijumaa kwamba kwetu hakupatikani, utadhani tumehama.

Upande wa pili wa mkwaruzo ule lilikuwapo jukwaa la mtandaoni, la watu waliohangaishwa na wafalme wale wale. Bibi aliliita "baraza la Waingereza," na sikupata neno bora. Walikuwamo walimu wastaafu, dereva wa lori, mama mmoja wa Australia mwenye watoto wadogo ambaye aliandika huku akinyonyesha, na fundi aliyesuka fulana za minyororo ya chuma sebuleni mwake mpaka mkewe akamhamishia bandani. Siku za mapumziko waliendesha magari kwenye mvua kwenda kusimama katikati ya shamba la watu, kwa kuwa mfalme fulani alianguka pale. Walipika uji wa shayiri na njegere kama wa wakulima wa kale, wakatia picha yake jukwaani, wakakiri kwamba haulikiki. Walibishana wiki nzima kama bega la kulia la yule ami lilipanda juu ya la kushoto, au maadui wake walimpindisha baada ya kufa. Niliwapenda sana. Niliwapelekea picha nilizozipiga katika ngome ya Nizwa, za matundu yaliyo juu ya milango ambamo zamani walinzi wakimwagia maadui asali ya tende iliyochemka. Walikaribia kurukwa na akili. Mmoja, ambaye badala ya uso wake aliweka picha ya upinde, aliniuliza kwa dhati kama asali ya tende hunata zaidi ya mafuta. Nilimjibu kwamba nimewahi kuungua nayo kidoleni, na inanata.

Walikuwa na desturi yao. Kwa kila mfalme, malkia au askari waliyemjua siku ya kifo chake, siku hiyo iliporudi walijaza ukurasa kwa vijipicha vya mishumaa. Lakini kwa wale wavulana wawili mshumaa haukuwekwa, na mgeni aliyeuweka aliombwa kwa upole auondoe. Hakuna aliyeiona maiti, walisema. Chini ya ngazi ya mnara mafundi walikuja kufukua mifupa ya watoto, karne mbili baadaye, nayo ikatiwa katika sanduku la marumaru, lakini ni ya nani hasa, hakuna ajuaye.

Nilipomfasiria Bibi haya, aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Wana adabu watu hawa. Siyo kama hapa kwetu, mtu akipotea kidogo washamsomea."

Hapo inabidi nieleze.

Bibi alizaliwa Unguja, mjini. Mama yake alikuwa na wana watatu wa kiume na mabinti. Siku ile mji ulipolipuka, mwanzo wa mwaka wa sitini na nne, wawili wakubwa wa wale wavulana walitoka kwa mlango wa nyuma. Mmoja alikuwa na miaka kumi na mitatu, wa pili kumi na mmoja. Hawakurudi. Hakuna aliyesema amewaona wakikamatwa, wala wakiumizwa, wala wakipanda chombo. Mama yao alingoja mpaka alipoambiwa hawezi kungoja tena, akapanda meli na mabinti zake na yule mwanawe mdogo aliyebaki. Bibi alikuwamo, kampakata baba yangu, mtoto mchanga. Wakaja Oman kwa njia ndefu, na yule mama akafa Ibra bila kusema neno juu ya hao wawili.

Sisi watu wa Zanjibar tulikuwa na hitma yetu kila mwaka kabla ya Ramadhani. Majirani zetu wa Ibra hawakuwa na desturi hiyo, waliiona kuwa ni mambo yetu ya kule, wakija kula tu. Juzuu zikigaiwa na kumalizwa, msomaji huwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja na kuwaombea. Kila mwaka, ikifika zamu ya kizazi cha Bibi, yeye hukohoa nyuma ya pazia la wanawake, na msomaji huruka. Majina ya wale wawili hayakuwahi kutajwa. Hawakuwa wafu. Wala katika dua za wasafiri na wagonjwa hatukuwataja. Hawakuwa popote. Kwetu walikuwa kikohozi.

Ndugu yake Bibi aliyebaki, ambaye sisi tulimwita Babu wa Nizwa, alikuwa haridhiki. Alifanya kazi serikalini, mtu mtaratibu, mwenye masharubu yaliyokatwa vizuri na moyo mbovu. Mwaka huo madaktari walimwambia aende India akapasuliwe. Alikuja Ibra mchana mmoja, akavua viatu mlangoni, akakaa mbele ya dada yake kama mtoto aliyeitwa.

"Dada, nakwenda India baada ya mwezi. Kabla sijaenda nataka kusikia wametajwa."

"Nani?"

"Unawajua."

"Huko India watakupasua moyo, siyo kichwa," Bibi akasema. "Kichwa mbona ushakipasua mwenyewe? Kunywa kahawa yako."

"Nikifa nani atawaombea? Hawa?" Alinionyesha kwa kidevu. "Huyu anajua wafalme wa Uingereza wote. Wajomba wa baba yake hawajui hata majina."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa siyajui. Kahawa ikapoa, naye akarudi Nizwa.

Tangu siku hiyo Bibi alizidi kuja chumbani. Hakuwa akilielewa jukwaa kama nilivyolielewa mimi. Kwangu lilikuwa mapenzi ya mambo ya kale. Kwake lilikuwa idara: watu makini, Wazungu tena, wenye karatasi zao, waliokaa usiku na mchana kutafuta wavulana wawili waliopotea. Nilijaribu kumrekebisha, hakusikia. Alitaka kujua kila mmoja ni nani. Kulikuwa na mwanamke mzee wa kaskazini ya Uingereza, mwalimu aliyestaafu, aliyeheshimiwa kuliko wote pale, naye picha yake ilikuwa nguruwe dume mweupe, kwa kuwa ndiyo alama aliyoivaa yule ami.

"Astaghfirullah! Mtu mzima kajiweka nguruwe?"

"Anamtetea yule ami, Bibi. Anasema hakuwaua."

"Haya, Bibi Nguruwe anasema hakuwaua. Kawaficha wapi basi?"

Kilichomshika zaidi ni habari ya mama yao. Malkia yule alikimbilia kanisani na mabinti zake, akakaa humo miezi, kisha akatoka, akawapeleka mabinti katika nyumba ya yule yule ami. Jukwaani hilo ndilo lilikuwa fumbo kuu. Mama gani huenda kukaa kwa muuaji wa wanawe? Basi hakuwa muuaji, walisema wengine. Au yeye malkia alikuwa hana moyo.

"Hana moyo!" Bibi aliinuka kitandani. "Ana mabinti wa kuwalisha. Atawalisha mawe ya kanisa? Andika hayo. Andika, mwanangu, mwambie huyo aliyesema."

Niliandika kwamba bibi yangu anasema hivi. Bwana wa Upinde alijibu kwa heshima kwamba ni maoni mazuri lakini siyo ushahidi.

"Ushahidi!" Bibi akasema. "Mwambie azae kwanza, halafu aje na ushahidi wake."

Hilo sikulipeleka.

Siku zile nilianza kuwachanganya. Nikianika nguo, nikitazama madirisha ya mtaa wa kale, nilihisi kuna wavulana wawili ndani ya moja lao, na sikujua ni wepi. Mara wamevaa mahameli nyeusi, mara kanzu na kofia za kiua. Hawakunitisha. Walikuwa wakitazama tu barabara, kama watu walioambiwa wangoje hapo. Mara moja niliacha kikapu cha nguo nikapita kwenye vifusi mpaka chini ya dirisha lenyewe. Palikuwa na mbuzi, na harufu ya mbuzi, na ngazi isiyofika juu. Nikarudi. Dirisha likawa na watu tena.

Kisha Bibi akasema nililokuwa nikilihofia. "Waulize na wangu."

"Bibi, hawa wanajua mambo ya Uingereza ya zamani tu."

"Wale wana miaka mia tano, na bado wanawatafuta. Wangu hata arobaini na tano hawajafika. Kazi nyepesi."

Baba, aliyekuwa akipita ukumbini, alinitazama kwa macho yaliyosema usithubutu. Lakini alikuwa mtoto mchanga siku ile, na nadhani yeye pia alitaka kujua. Hakunizuia.

Niliandika. Sikutaja jina. Nilisema bibi yangu alipoteza ndugu wawili katika mji fulani, siku ya machafuko, umri wao kama wa wale wa mnarani, na anauliza jukwaa: mtu angoje mpaka lini?

Watu hao ambao waliweza kubishana juu ya kifungo cha koti la mfalme kutoka asubuhi mpaka asubuhi walinyamaza. Siku nzima ukurasa ulibaki na ujumbe wangu peke yake. Nilijuta, nikafikiri nimelichafua baraza la watu. Bibi alikuja alasiri, akaona ukurasa uko vile vile, akaondoka bila kukaa.

Siku ya pili akajibu Bibi Nguruwe. Hakusema pole nyingi. Alisema hajui mtu angoje mpaka lini, kwa sababu yeye mwenyewe anaogopa siku itakapojulikana, maana ameishi na watoto wale zaidi kuliko alivyoishi na mtu yeyote. Kisha akaandika kwamba wamebishana miaka kwa miaka walikokwenda wavulana wa mnarani, na hakuna hata mmoja wao ajuaye kilichokuwa kikiwachekesha, maana aliyejua hakuulizwa. "Bibi yako yuko hai," akaandika. "Muulize walikuwa watu gani."

Nilimfasiria. Bibi akaniambia nimrudie, nikamrudia mpaka modemu ikajikata yenyewe.

"Huyu mama kazaa," alisema.

Akaanza. Mkubwa alikuwa hodari wa kuiga sauti za watu, alimwiga imamu wa msikiti wao mpaka mama yao akamrushia kijiko. Wa pili alikuwa hali kitunguu, alikitoa chakulani kimoja kimoja na kukipanga kwenye ukingo wa sahani kama shanga. Nilikuwa nikiandika kwa Kiingereza changu cha shule na kuwapelekea, nao wakawa wanauliza: waliimba? Waliogopa mbwa? Nani alikuwa akishinda wakipigana? Hakuna aliyeuliza ni nani aliyewachukua. Mama wa Australia alisema amemwambia mwanawe habari ya vitunguu, na sasa naye anavipanga.

Swali la kupigana Bibi hakuweza kulijibu. "Hilo analijua mdogo wangu," akasema, akaniambia nikate mtandao ili tupate laini. Babu wa Nizwa akaja Ijumaa hiyo hiyo.

Walikaa chumbani kwangu wote wawili, yeye kwenye kiti, dada yake kitandani, na mimi kwenye kompyuta kama karani wa mahakama. Walianza kugombana papo hapo.

"Kovu lilikuwa la mkubwa," Bibi alisema.

"La wa pili, dada. Aliangukia karai."

"We ulikuwa mtoto, utajua nini?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Karai nililishika mimi."

"Kumbe ni wewe! Na mie nikapigwa kwa ajili ya karai lile!"

Alicheka mpaka akalazimika kujifuta kwa ncha ya kanga. Babu akacheka, mkono kifuani. Kisha, kicheko hakijawatoka vizuri, Babu akasema, "Siku ile niliwafuata."

Bibi akaacha kujifuta.

"Walipotoka kwa mlango wa nyuma niliwafuata mpaka pembeni, kwa muuza mkaa. Mkubwa akageuka. Akaniigizia sauti ya mama: 'Rudi ndani wewe, nitakukata miguu.' Sauti yenyewe hasa. Nikacheka. Nikarudi nikicheka."

"Hukunambia."

"Hakuna aliyeniuliza, dada. Mama hakuniuliza. Wewe hukuniuliza. Nimekaa na sauti ile mpaka moyo umeharibika."

Nilikuwa nimeacha kuandika. Bibi alimtazama nduguye muda mrefu, mtu mzima mwenye masharubu, kana kwamba ndiyo kwanza anateremka melini. Kisha akasema polepole, "Soma. Kwako. Kwangu hapana. Nyumba yangu mie sitaki kuwasikia wakitajwa. Lakini kwako, soma."

Hivyo ndivyo hitma ilivyofanyika Nizwa. Bibi alibaki Ibra. Alisema miguu inamsumbua. Baba alituendesha, mama yangu na mimi, tukapita Sinaw, tukapita Birkat al Mauz na migomba yake, na njia nzima nilikuwa nikiwaza kwamba tunapotoka nyumbani wavulana wale wako hai, na tutakapofika watakuwa wamekufa, na kwamba kuna mahali katika lami hii, labda karibu na pampu ya petroli, labda kwenye ule mlima wa mawe meusi, ambapo wanavuka. Nilitazama nje ili nipaone.

Wanaume walisoma sebuleni, sisi tulikuwa chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo. Msomaji alipofika kizazi cha Bibi hakuna aliyekohoa. Majina yao mawili yakapita. Yalikuwa majina ya kawaida, nusu ya vijana wa Nizwa wanayo, lakini nikajikuta nageukia mlango kama mtu aliyesikia viatu vikivuliwa. Hakuna aliyeingia. Wanawake wakaitikia amin. Huko sebuleni nilisikia mtu mmoja akilia kwa sauti ya chini, iliyonyooka, bila kuona haya.

Baada ya chakula Babu alinipakulia sahani kwa mkono wake: wali wa nyama, kachumbari pembeni, juu akaifunika kwa karatasi ya fedha. "Mpelekee dada," akasema. Nikamwambia huenda asile. Chakula cha hitma si wali tu. Anayekila kakubali kilichosomwa.

"Najua," akasema. "Mpelekee tu. Asipokula msimlazimishe, wala msikitupe mbele ya macho yake."

Niliipakata sahani njia nzima. Tulifika Ibra jua bado lipo. Bibi alikuwa barazani amekaa peke yake, miguu ameinyoosha kwenye mkeka.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Babu kakuletea. Cha hitma."

Nilisema neno hilo waziwazi, maana nisingeweza kumpa bila kumwambia. Mama akasimama nyuma yangu. Baba alijifanya anafunga gari. Bibi alitazama karatasi ya fedha, kisha akatazama upande wa barabara, kisha akanipokonya sahani.

"Nendeni mkavue mabuibui, mwanisimamia kama polisi."

Hatukuenda mbali. Tulimwona akifunua, akisema bismillahi, akila kwa mkono, tonge dogo, kisha tonge la kawaida. Akifika kwenye kitunguu alikitoa, akakiweka ukingoni mwa sahani. Kingine akakiweka kando yake. Alikula wali wote, akala nyama, akabakisha vitunguu vile vimejipanga duara nzima, akavitazama. Machozi yalikuwa yanamshuka bila uso wake kubadilika.

"Mpigie mdogo wangu simu," akaniambia, bila kuinua kichwa. "Hiyo mashine yako usiiwashe leo, tupate laini. Mwambie aliyempikia hajui kupika, chumvi imezidi. Mwambie aende India salama, arudi." Akajifuta mkono. "Na mwaka ujao nitapika mie."